Kinywa na Afya (2): Maji ya Kiti cha Daktari wa Meno

Wiki iliyopita tulizungumzia sindano na koleo, vifaa ambavyo mgonjwa wa siku hizi anajua kuuliza kama vimechemshwa. Leo tuyatazame maji yanayorushwa mdomoni jino linapotobolewa. Hayo sijamsikia mtu akiyauliza.

Mwaka 2015, katika jimbo la Georgia, Marekani, watoto walianza kufikishwa hospitali wakiwa wamevimba mashavu na tezi za shingo. Wote walikuwa wametibiwa kliniki moja, tena kwa kazi ileile: kuondolewa kiini kilichooza cha jino la utoto, kisha jino likazibwa. Kufikia Aprili 2016 walikuwa wamehesabiwa 20. Maji ya viti vyote saba yalipopimwa, kila mililita ilikutwa na bakteria 91,333 kwa wastani. Kiwango kinachokubalika hakizidi 500. Mwaka huohuo wa 2016 yakazuka yaleyale Anaheim, California, na huko waliougua ni watoto 71.

Kisababishi kilikuwa Mycobacterium abscessus, ndugu wa mbali wa kimelea cha kifua kikuu. Huishi udongoni na majini, na antibiotiki nyingi hazikifanyi kitu. Wala hakina haraka: uvimbe huweza kujitokeza wiki nyingi baada ya matibabu, mzazi keshasahau habari ya jino. Wapo watoto waliopoteza meno ya ukubwani kabla hayajaota, na wapo waliokatwa kipande cha taya.

Msomaji asikimbilie kulaumu mamlaka ya maji. Maji huweza kuingia kliniki yakiwa salama, yakaharibikia ndani ya kiti chenyewe. Mirija yake ni myembamba mno, na maji yaliyo karibu na ukuta wa mrija hayasogei sana hata bomba likiwa wazi. Ijumaa jioni kliniki ikifungwa, hutuama humo hadi Jumatatu. Bakteria hujishikiza ukutani na kujijengea utando, ule utelezi unaousikia ukipitisha kidole ndani ya ndoo ya siku nyingi. Ukisha kujijenga, hata ukijaza chupa ya kiti maji safi kabisa, yatatoka upande wa pili yamechafuka, ingawa kwa macho ni meupe pe.

Kufungulia maji sekunde 20 hadi 30 baada ya kila mgonjwa kunasaidia, lakini hakuung'oi utando. Unaondolewa kwa dawa, kwa ratiba ya mtengenezaji wa kiti, kisha maji yanapimwa. Kliniki ile ya Georgia haikufanya lolote kati ya hayo mawili. Upasuaji wa kinywa una sharti lake: maji yaliyotakaswa vijidudu vyote, yasiyopitia mirija hiyo kabisa.

Wazee nao hawajasalimika. Italia, mwaka 2011, bibi wa miaka 82 alifariki kwa nimonia ya Legionella, na bakteria waliomuua walilingana na waliokutwa kwenye mirija ya daktari wake wa meno.

Wiki ijayo: dawa za kusafishia mirija, na namna kliniki ndogo inayotegemea maji ya tangi inavyoweza kuzitumia.