Nyigu Anayemfuata Funza Ndani ya Bua
Funza wa mabua aitwaye Chilo partellus, aliyeingia Afrika kutoka Asia na kuenea katika mashamba ya mahindi na mtama, akishatoboa bua hujificha ndani, mahali ambapo dawa ya kunyunyizia, inayomgharimu sana mkulima mdogo, haimfikii kwa urahisi. Ndipo watafiti wa kituo cha ICIPE cha Nairobi walipomleta kutoka Pakistani adui wake wa asili, nyigu mdogo Cotesia flavipes, na mwaka 1993 wakamwachilia katika pwani ya Kenya. Jike, akiongozwa na harufu ya kinyesi cha funza, huingia katika tundu la bua na kumdunga mayai mwilini, ingawa pengine hung'atwa akafia humo. Mayai yakianguliwa, watoto humla funza kwa ndani, kisha hutoka na kujisokotea vifukofuko vyeupe.