Kukandika, Lipu na Niru

Maneno haya matatu ya mafundi wa kumalizia nyumba huchanganywa mara nyingi katika tafsiri, nasi tumeona yafaa kuyapambanua.

Kwihara, karibu na mji wa Tabora, lipo tembe alimokaa David Livingstone mwaka 1872. Kuta zake ni za udongo. Kuupaka ukuta udongo kwa mkono ndiko kukandika. Lipu ni kitu kingine: ni tabaka la mchanga uliochanganywa na saruji au chokaa, hutandazwa kwa mwiko na kusawazishwa kwa ubao. Niru hufuata, nayo ni tabaka jembamba la kuulainisha uso wa lipu. Kwa ufupi, lipu hunyoosha, niru hulainisha.

Tofauti hii si ya kamusi tu. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina chuo Tabora, na hutambua pia ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini. Fundi kama huyo akiulizwa kwa neno asilolijua, huenda akakosa cheti ilhali mikono yake yaijua kazi. Vivyo hivyo, mkataba ukisema "kupaka ukuta" tu, mwenye nyumba atatazamia niru, na fundi ataishia kwenye lipu. Ugomvi hauko mbali.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba mfasiri, kabla ya kubuni istilahi, aende kwanza penye ujenzi akamsikilize fundi.