Poka, hisa na ujasiri wa kutupa karata

Kampuni ya Susquehanna, iliyoanzishwa mwaka 1987 na yenye makao yake karibu na Philadelphia, Marekani, ni miongoni mwa kampuni kubwa zinazoishi kwa kununua na kuuza hisa. Vijana wanaoajiriwa pale huketishwa kwenye meza ya poka kama sehemu ya mafunzo yao. Mmoja wa waanzilishi wake, Jeff Yass, alicheza poka tangu ujanani, na aliamini kwamba meza ile humzoesha mtu kuamua ilhali mengi hayajui na fedha zake ziko hatarini.

Kamari inabomoa nyumba, na siandiki haya ili mtu aende kasino. Ninachokitetea ni nidhamu ya wachezaji wachache wanaodumu katika mchezo huo miaka mingi. Wengi wanaoingia soko la hisa huichukua kamari yenyewe, nidhamu hiyo wakaiacha nje.

Katika aina ya poka inayochezwa zaidi siku hizi, kila mchezaji hupewa karata 2 anazoziona yeye peke yake, kisha karata 5 hufunuliwa mezani kwa ajili ya wote. Mwenye ree mbili, akipambana na mwenye jozi nyingine, hushinda takriban mara 4 katika kila 5. Mara ya tano atashindwa, na hatakuwa amekosea lolote. Annie Duke, Mmarekani aliyecheza poka miaka mingi kabla ya kuandika kitabu chake cha mwaka 2018 kuhusu kufanya maamuzi, analisisitiza sana hili: uamuzi usipimwe kwa matokeo yake tu. Aliyenunua hisa kwa uvumi wa jirani zikapanda hajawa mjuzi. Amebahatika, na bahati hiyo itamponza siku atakapoufuata uvumi mwingine kwa fedha nyingi zaidi.

Lakini ustadi mgumu kuliko wote ni kutupa karata, yaani kujitoa katika mzunguko kabla ya kupoteza zaidi. Mchezaji mzuri hutupa nyingi kuliko anazozicheza, na fedha alizokwisha kuweka katikati ya meza hazimfungi kuongeza nyingine. Sokoni watu hufanya kinyume. Terrance Odean, profesa wa Marekani, alichunguza akaunti 10,000 za wawekezaji wa kawaida akakuta kwamba huuza upesi hisa zilizopanda na kuzing'ang'ania zilizoshuka. Baadaye yeye na Brad Barber walifuatilia kaya zaidi ya 66,000 kati ya 1991 na 1996. Walionunua na kuuza mara nyingi zaidi walipata wastani wa asilimia 11.4 kwa mwaka, wakati soko lenyewe lilitoa asilimia 17.9. Pupa iligharimu.

Kisha kuna hasira. Mchezaji akinyang'anywa dau kubwa na karata ya mwisho, damu humchemka, naye huanza kucheza karata ambazo muda mfupi kabla angezitupa. Hataki tena kushinda, anataka kukomboa. Hasira hasara, walisema wazee, na sijui mahali panapolithibitisha hilo zaidi kuliko Singapore mwaka 1995. Nick Leeson, kijana wa benki ya Barings ya Uingereza, alikuwa akificha hasara zake katika akaunti namba 88888. Tarehe 17 Januari tetemeko likaipiga Kobe na bei za hisa za Japani zikaporomoka. Badala ya kujitoa alizidi kununua, akitumaini soko litainuka limwokoe. Halikuinuka. Hasara ilifika pauni milioni 827, na benki iliyodumu tangu 1762 ikauzwa kwa pauni 1.

Leeson alijua hesabu za soko. Alichokosa ni uwezo wa kukubali hasara ingali ndogo, na wakubwa wake walikosa macho ya kumzuia.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukinunua hisa andika siku hiyohiyo kwa nini umenunua, na ni jambo gani likitokea utauza. Likitokea, uza, hata kama ni kwa hasara. Siku uliyoumizwa na soko usiweke oda nyingine mpaka ulale uamke. Na ada ya shule ya mtoto usiipeleke sokoni kabisa.