Vizibo, Vijiti na Udongo wa Kichuguu: Watoto Wanavyojifunza kwa Mikono



Tunapotembelea shule za msingi za Mpanda na za vijiji vya Mkoa wa Katavi, wajumbe wa kamati za parokia hutuuliza swali moja mara kwa mara: "Mbona watoto wanachezea vizibo vya soda saa za masomo?" Ni swali la haki. Mzazi aliyeuza debe la mahindi ili anunue sare na madaftari anataka kuona daftari limeandikwa. Wafadhili wetu nao huuliza swali la upande wa pili: je, watutumie makasha ya vifaa vya kuchezea kutoka kwao? Katika toleo hili tunajaribu kujibu maswali yote mawili.

Hali ya madarasa yetu

Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012 baada ya kugawanywa kwa Mkoa wa Rukwa. Watu wake ni wakulima wa mahindi, mpunga, karanga na tumbaku, wafugaji, warina asali na wachimbaji wadogo wa dhahabu. Watoto wanaoingia darasa la kwanza hawatoki katika lugha moja. Wako Wabende, Wapimbwe na Wakonongo, na wako Wasukuma ambao familia zao zilihamia huku na mifugo. Katika Katumba na Mishamo, makazi yaliyofunguliwa miaka ya 1970 kwa ajili ya watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, Kirundi bado kinasikika majumbani, ingawa familia nyingi zilipata uraia wa Tanzania na kupewa vyeti vyao kuanzia mwaka 2014. Mtoto wa namna hii hukutana na Kiswahili cha darasani na tarakimu kwa wakati mmoja.

Pamoja na hayo, madarasa yamejaa. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ukaanza mwaka 2002, na mwaka 2016 elimu bila malipo ikaondoa michango mingine. Watoto wengi ambao wangebaki nyumbani wameingia shuleni, nasi tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini mwalimu aliye peke yake mbele ya watoto themanini hujikuta amebaki na njia moja tu: kuandika ubaoni na kuwaimbisha. Watoto huitikia kwa sauti kubwa, moja hadi ishirini. Mgeni akisimama mlangoni ataamini kwamba wote wanajua. Mwite mmoja wao, umwombe akupe mawe saba. Wapo wanaoanza kuimba tangu moja, mdomo ukaenda mbele na mkono ukabaki nyuma.

Mtoto huyo ndiye anayetutia wasiwasi. Asiposhika hesabu mwaka wa kwanza, ufikapo mwaka wa tatu anakaa nyuma kabisa na hanyooshi mkono. Msimu wa kilimo ukifika, nyumbani wanaona ni afadhali akachunge au akaamie ndege kwenye mpunga. Wengine hawarudi tena.

Somo moja la hesabu

Tutoe mfano wa somo ambalo mwalimu yeyote anaweza kulifundisha: 32 kutoa 7. Watoto themanini wamegawanywa katika makundi kumi ya watoto wanane. Kila kundi lina vijiti vilivyofungwa kumi kumi kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, na vingine ambavyo havikufungwa.

Mwalimu anawaambia waweke mezani 32. Wanaweka mafungu matatu na vijiti viwili. Sasa anasema, "Nipeni saba." Watoto wanatazamana, kwa sababu vijiti vilivyo huru ni viwili tu. Mwalimu anasubiri bila kuwaambia jibu. Hatimaye mtoto mmoja anafungua fungu. Sasa viko kumi na viwili; wanatoa saba, vinabaki vitano. Mafungu yaliyobaki ni mawili. Jibu ni 25.

Wengi wetu tulifundishwa "kukopa kumi" kwa kukariri, bila kujua hiyo kumi inakopwa wapi. Watoto hawa wameifungua wenyewe kwa vidole vyao. Baada ya hapo wanachora mafungu na vijiti kwenye daftari, na mwisho wanaandika hesabu kwa tarakimu peke yake. Hatua ni tatu: kitu, picha, tarakimu. Mwalimu akiishia kwenye vijiti, mtoto atashindwa mtihani unaofanywa kwa karatasi. Akianzia kwenye tarakimu, mtoto atakariri tu.

Kusoma, kupima na kununua

Udongo wa kichuguu haukosekani katika nchi yetu ya miyombo. Ukilowanishwa na kukandwa, watoto hufinyanga herufi na maumbo. Mtoto anayechanganya b na d huzifinyanga zote mbili, akapitisha kidole juu yake huku akitamka sauti yake. Maboksi ya dukani hukatwa kuwa kadi za silabi: ma, nya, mba, nda. Kundi hupanga kadi mpaka lipate neno ambalo wote wanalijua, kama nyama au kamba, kisha huliandika.

Paketi tupu za chumvi, sabuni na majani ya chai hufanya duka la darasa, na watoto hununua na kurudishiana chenji kwa noti za karatasi walizochora. Chupa za nusu lita na za lita moja hufundisha vipimo: mtoto anamimina maji na kuona mwenyewe ni chupa ngapi ndogo zinazojaza ile kubwa. Mrina asali akileta kipande cha sega kikavu, darasa zima linaweza kuhesabu pembe sita za kila kijumba.

Si jambo geni

Huko Roma, mwaka 1907, Maria Montessori alifungua nyumba ya watoto wa familia maskini na kuwafundisha kwa vifaa vya kushika na kupanga. Hapa kwetu, Mwalimu Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 alionya juu ya shule inayomtenga mtoto na maisha ya watu wake na kuthamini kitabu peke yake. Mitaala ya mwaka 2005 ilihamisha mkazo kutoka kukariri maudhui kwenda kujenga umahiri, na mtaala ulioboreshwa ulioanza kutumika Januari 2024 unaendelea na mwelekeo huo. Walimu wetu hufundishwa vyuoni kufaragua zana, yaani kutengeneza vifaa kwa vitu vinavyopatikana karibu. Kinachowakwamisha ni muda, mahali pa kutunzia na mtu wa kuwasaidia.

Mahali panapokwama

Tuseme ukweli. Darasa lisilo na mlango halitunzi kitu, na zana za Jumatatu huwa zimepotea Jumatano. Mchwa hula vijiti na kadi. Maandalizi huchukua jioni ya mwalimu ambaye bado ana madaftari ya kusahihisha. Mwalimu mwenye moyo akihamishwa, mara nyingi kazi hii huondoka naye. Tena vizibo havijazi nafasi ya mwalimu anayekosekana, wala ya uji wa mchana kwa mtoto aliyetembea kilomita nyingi.

Kamati ya parokia ifanye nini?

1. Ikusanye vizibo. Makundi kumi yenye vizibo hamsini kila moja yanahitaji 500. Sherehe za harusi na kipaimara katika vigango zinaweza kuvitoa. Vioshwe, na kingo zake zigongwe zilale ili zisikate watoto.

2. Imwombe fundi seremala wa parokia atengeneze kabati la mbao lenye kufuli kwa kila shule.

3. Iitishe siku ya kutengeneza zana, wazazi wakae pamoja na walimu. Mzazi aliyefunga vijiti kwa mkono wake haulizi tena kwa nini mtoto anacheza.

4. Ipitie kwa mwalimu mkuu na kamati ya shule kwanza, wala isiingie darasani na mpango wake yenyewe.

Tahadhari moja ni kubwa kuliko zote: chupa na makopo ya dawa za tumbaku au pamba yasipelekwe shuleni kamwe, hata yakioshwa. Watoto wadogo pia waangaliwe wasitie mbegu puani na masikioni.

Kwa wafadhili wetu

Tunawashukuru kwa moyo wenu, lakini tunawaomba msitume makasha ya vifaa. Kusafirisha hadi Mpanda ni ghali, na kifaa kikivunjika hakuna wa kukirudishia. Msaada unaodumu ni nauli na chakula cha walimu wa shule za jirani wanapokutana kufundishana, mbao za makabati, karatasi za manila, gundi, mikasi na kalamu za rangi. Walimu wawili au watatu wakiijua kazi hii katika shule moja, mmoja akihamishwa haifi.

Nanyi wajumbe wa kamati, mkitembelea shule yenu robo hii, msiridhike na kusikia watoto wakiimba namba. Mchukue mtoto mmoja wa darasa la kwanza, mkae naye chini ya mwembe, mmwombe awape mawe saba. Mtakachokiona, tuandikieni.