Kuchagua Chuo: Mambo ya Kupima Kabla ya Kuomba

Utangulizi

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa Kidato cha Sita yanapotangazwa, nyumba nyingi nchini Tanzania huingiwa na furaha na wasiwasi kwa pamoja. Kijana amefaulu, je, sasa aombe chuo kipi? Muda wa kuomba ni wa majuma machache tu, na uamuzi utakaogusa maisha ya miaka mingi mara nyingi hufanywa kwa haraka, kwa kuwafuata wenzake au kwa kuvutwa na jina la chuo. Wengi wa vijana hao, pamoja na wazazi wao, huwaendea wachungaji na walimu wao kuomba shauri, na si kila mara washauri hao huwa tayari kulitoa.

Katika makala haya tunakusudia kueleza namna uamuzi huo unavyoweza kufanywa kwa busara. Hoja yetu ni moja: mwombaji apime kwanza kozi, kisha gharama, na jina la chuo lije mwisho. Wengi hufuata utaratibu ulio kinyume cha huo, na hapo ndipo majuto yanapoanzia.

Tulikotoka

Wazazi wengi hushauri kwa kukumbuka mambo yalivyokuwa zamani, kwa hiyo yafaa kuanza na historia. Chuo cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kinachojitegemea. Mpaka Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kilipoanzishwa Morogoro mwaka 1984, Mlimani ndipo palipokuwa na chuo kikuu pekee nchini. Tena, kwa Azimio la Musoma la mwaka 1974, mhitimu wa Kidato cha Sita hakwenda chuoni moja kwa moja. Ilimpasa kwanza alitumikie Taifa, afanye kazi, na apate mapendekezo mema. Aliyechaguliwa alisomeshwa na Serikali. Katika hali hiyo swali la kuchagua chuo halikuwa zito, kwa kuwa vya kuchagua havikuwapo.

Hali hiyo imekwisha. Katika miaka ya 1990 wanafunzi walianza kuchangia gharama, na vyuo vikuu visivyo vya Serikali vikaanza kufunguliwa, vikiwamo vile vya makanisa. Mwaka 2007 kilianzishwa Chuo Kikuu cha Dodoma, na mwaka huohuo Muhimbili ikawa chuo kikuu kamili. Tangu mwaka 2010 maombi yalipitia mfumo mmoja uliosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Lakini tangu mwaka 2017 mwombaji hupeleka maombi yake moja kwa moja katika kila chuo anachokitaka. Kwa maneno mengine, kazi ya kuchagua, ambayo zamani ilifanywa na Taifa, sasa imewekwa mabegani mwa kijana wa miaka kumi na tisa na wazazi wake. Uhuru huo ni mwema, lakini unadai maarifa.

Kozi kwanza

Kila mwaka TCU hutoa mwongozo wa udahili unaotaja kila kozi, chuo kinakofundishwa, muda wake na sifa za kuingilia. Kitabu hicho ndicho kinachopasa kusomwa kabla ya tangazo lolote la chuo. Kwa kawaida, mhitimu wa Kidato cha Sita hutakiwa awe amefaulu vizuri masomo mawili yanayohusika na kozi anayoiomba, kwa jumla isiyopungua pointi 4, ambapo A huhesabiwa 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. Hicho ni kiwango cha chini tu. Kozi nyingi hudai zaidi, na penye waombaji wengi hata aliyetimiza sifa zote aweza kuachwa.

Neno la kushika hapa ni "yanayohusika". Chukua mfano wa udaktari wa binadamu. Kozi hiyo hutaka ufaulu katika Fizikia, Kemia na Baiolojia. Kijana aliyesoma Kemia, Baiolojia na Jiografia, hata akipata A katika yote matatu, hana njia ya kuingia huko moja kwa moja, kwa sababu hakusoma Fizikia. Kosa lake hakulifanya wakati wa kuomba chuo. Lilifanyika miaka miwili nyuma, alipochagua tahasusi bila kuambiwa inaelekea wapi. Kwa hiyo twasema kwamba aliye Kidato cha Nne tayari ameanza kuchagua chuo, ajue asijue.

Pia yafaa kuuliza kozi inaishia wapi. Ualimu kwa kawaida huchukua miaka mitatu, uhandisi minne, na udaktari mitano, ukifuatwa na mwaka mmoja wa mazoezi ya kazi hospitalini. Mwenye shahada ya sheria bado si wakili. Yampasa kwanza kupitia Shule ya Sheria. Anayeyajua haya mapema hujiandaa; asiyeyajua hushangaa akiwa njiani.

Gharama

Mara nyingi mzazi huuliza ada, akaishia hapo. Lakini ada ni sehemu tu. Kuna malazi, chakula, nauli, vitabu, bima ya afya na mafunzo kwa vitendo. Na yote hayo huzidishwa kwa idadi ya miaka. Chuo chenye ada ndogo katika jiji ambako chumba ni ghali chaweza kuzidi kwa gharama chuo chenye ada kubwa kidogo kilicho karibu na nyumbani.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, imewasaidia wengi ambao wasingesoma. Hata hivyo mkopo hutolewa kwa kupima uhitaji. Si kila aliyedahiliwa huupata, wala si kila aupataye hupata wa kumtosha. Tena ni deni: kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake mpaka amalize kulipa.

Tumepata kumwona kijana aliyeanza masomo kwa shangwe, shamba la familia likiwa limeuzwa kwa ajili ya mwaka wa kwanza, wote wakitumaini kwamba mkopo ungekuja mwaka wa pili. Haukuja. Kijana alirudi nyumbani, na shamba halikurudi. Hakukosa akili wala bidii. Lililokosekana ni mtu wa kukaa naye jioni moja, kwa kalamu na karatasi, na kuuliza: mkopo usipopatikana, tutafanyaje?

Orodha iliyo ya kweli

Baada ya kupima hayo, mwombaji aandike orodha fupi. Sisi hupendekeza iwe na vyuo vya namna tatu: kimoja anachokitamani ingawa ushindani wake ni mkubwa, kimoja au viwili ambavyo sifa zake zinavizidi waziwazi viwango vyao, na kimoja ambacho familia yaweza kukilipia hata bila mkopo. Kuomba vyuo vitano katika kozi moja yenye ushindani mkali si kujihadhari. Ni kubisha hodi mara tano katika mlango mmoja.

Akipokewa na vyuo zaidi ya kimoja, ni lazima athibitishe kimoja tu ndani ya muda uliowekwa. Anayechelewa aweza kupoteza nafasi aliyokwisha kuipata. Na asipopokewa popote, njia haijafungwa. Stashahada katika chuo kinachotambuliwa ni mlango halali. Anayeimaliza kwa wastani wa 3.0 au zaidi aweza kuomba shahada. Wapo wanaoiona njia hiyo kuwa ya aibu. Sisi hatuoni hivyo.

Wajibu wa washauri

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo humkemea mvivu. Haimzuii mkulima kutazama udongo wake. Kazi ya mshauri ni kumsaidia kijana autazame udongo huo, bila kumpa jembe alilolipenda mshauri mwenyewe. Mara nyingi tumesikia mzee akisema, "Mwanangu lazima aende Mlimani," naye hajauliza mwanawe anakwenda kusoma nini.

Liko pia jambo dogo linalowakwamisha wengi, nalo ni hati. Cheti cha kuzaliwa huhitaji kuhakikiwa kabla ya kuomba mkopo, na kwa yatima vyeti vya vifo vya wazazi pia. Majina yakitofautiana kati ya cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule, marekebisho huchukua muda. Mchungaji au mwalimu anayelikumbusha hilo wakati kijana angali Kidato cha Tano amefanya kazi kubwa kuliko hotuba.

Hitimisho

Tumeeleza kwamba kuchagua chuo ni kupima mambo matatu kwa utaratibu wake: kozi, gharama, kisha jina. Jina zuri halimlipii mtu ada, wala halimpi sifa asizokuwa nazo. Lakini kozi iliyochaguliwa kwa kujua, katika chuo kinachotambuliwa, kwa gharama ambayo nyumba yaweza kuibeba, humfikisha kijana mwisho wa safari. Vijana watakaotuuliza mwaka huu ni wengi. Tuwe na jibu kabla hawajafika.