Maswali ya Redioni na Gunia la Lumbesa

Si ajabu siku hizi mkoani Singida kumkuta mkulima ametundika redio yake mtini, au ameifungua katika simu ya mkononi, huku akipalilia na kusikiliza majadiliano juu ya mambo ya Serikali na ya vijiji. Mkuu wa idara ameketi studioni. Mtangazaji aongoza maneno. Wananchi wapiga simu. Maji, zahanati, ushuru, mbegu za alizeti, yote huulizwa. Jambo hili si dogo. Wazee waliosikiliza Radio Tanzania Dar es Salaam wakumbuka kwamba "Mazungumzo baada ya Habari" yalikuwa mazungumzo ya mtu mmoja: msemaji alisema, nchi ikasikiliza, na mwenye swali akabaki nalo kifuani. Leo mtu wa Mkalama au Manyoni aweza kumwuliza mkubwa jambo mbele ya masikio ya mkoa mzima.

Basi yatupasa tujiulize: swali likisha ulizwa, laenda wapi?

Tuchukue habari ya lumbesa. Kila aliyepita katika soko la vitunguu la Misuna, mjini Singida, alijua gunia hilo bila kuelezwa. Limejazwa hata mdomoni, kisha limevishwa kilemba cha wavu na kamba, nacho kilemba kimejazwa pia. Mnunuzi hulipa bei ya gunia moja. Kilichomo kilembani ni jasho la mkulima lililochukuliwa bure, na mahali ushuru unapotozwa kwa hesabu ya magunia, Halmashauri nayo imeibiwa. Sheria ya Vipimo yakataza. Mazao yatakiwa kuuzwa kwa uzito, wala gunia lisizidi kilo 100. Na Wakala wa Vipimo, uliopo tangu mwaka 2002, ndio uliopewa kazi ya kuangalia.

Sasa tuseme mkulima mmoja apiga simu redioni na kuuliza kwa nini lumbesa bado ipo. Jibu twalijua kabla halijatolewa: lumbesa ni marufuku, na mwananchi atakayeiona atoe taarifa mahali panapohusika. Ni jibu la kweli. Lakini mkulima huyo alilijua tangu kabla ya kununua vocha (na vocha, tusisahau, ni ya fedha yake). Hakuuliza kama lumbesa ni halali. Aliuliza afanye nini leo, vitunguu vimekwisha ng'olewa na mnunuzi ndiye mwenye lori. Akisema, "Mimi siuzi ila kwa mizani," mnunuzi atacheka na kwenda kwa jirani. Vitunguu havingoji; vyaoza.

Hapa ndipo penye fundo la maneno. Mkulima wa Singida hana upungufu wa kujua. Ana upungufu wa wenzake. Mmoja akikataa kilemba, amejinyima soko. Kijiji kizima kikikataa, mnunuzi hana budi kuleta mizani au kurudi na lori tupu. Na kipindi cha redio kama kilivyo sasa chamsikiliza mmoja mmoja, dakika mbili kwa kila mtu, mstari ukikatika ndiyo basi. Kila mmoja auliza peke yake, ajibiwa peke yake, arudi shambani peke yake.

Nchi hii ilikwisha pata kuitumia redio kwa njia nyingine. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya "Mtu ni Afya". Watu wapatao milioni mbili, katika vikundi vipatavyo 75,000, walikutana kwa majuma 12. Hawakusikiliza tu. Kikundi kilisikiliza kipindi, kikasoma kijitabu, kikajadiliana, kisha kikaamua la kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani kando ya nyumba, kufukia madimbwi ya mbu. Vyoo vilichimbwa kwa malaki. Hatusemi kampeni ile haikuwa na kasoro. Somo lilichaguliwa Dar es Salaam, na mwanakijiji hakuulizwa kama shida yake ya kwanza ni hiyo au nyingine. Leo mambo yamegeuka: mwananchi achagua swali lake mwenyewe, bali kikundi hakipo. Kilichopatikana tusikitupe, kilichopotea tukirudishe.

Kanada walikuwa na mpango wa namna hii kwa wakulima wao tangu mwaka 1941 hadi 1965, na India waliujaribu katika vijiji vya pande za Poona mwaka 1956. Huko Kanada majirani walikutana nyumbani kwa mmoja wao, wakasikiliza, wakajadili, kisha wakaandika maoni yao na kuyatuma kwa katibu wa jimbo. Na sehemu ya matangazo ilitengwa kwa kusoma yaliyoletwa na vikundi. Yaani maneno yalikwenda na kurudi.

Kwetu Singida haihitajiwi fedha nyingi. Majirani kumi na redio moja chini ya mti watosha. Mzee ambaye Kinyaturu au Kinyiramba chamtoka vyema kuliko Kiswahili ataweza kusema, na katibu ataandika. Asiye na simu naye atasikika, jambo ambalo mpango wa sasa haumpi. Kisha swali liende redioni kwa jina la kijiji: sisi tumekubaliana kuuza kwa mizani msimu huu, je, mizani iliyokaguliwa italetwa lini, na nani atakuwapo siku lori litakapofika? Swali la namna hiyo halijibiwi kwa neno "marufuku". Lataka tarehe.

Na tarehe ikisha tajwa, mtangazaji aiandike. Wageni wa studioni hutumia muda mwingi kushukuru na kutaja vyeo vyao, ambavyo mtangazaji amekwisha vitaja. Robo ya muda huo yatosha kusoma ahadi za mwezi uliopita. Afisa aliyesema "tutalifanyia kazi" aitwe tena, aulizwe kazi imefika wapi. Akishindwa kuja, isomwe ahadi yake bila yeye.

Wengine watasema kwamba mambo haya ni ya mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa sheria hukutana kila miezi mitatu. Kweli kabisa. Redio haiwezi kushika mahali pa mkutano huo, wala haifai kujaribu. Lakini yaweza kuuliza, kijiji baada ya kijiji, kutoka Iramba mpaka Itigi, mkutano wa mwisho ulifanyika lini, na kama jambo la mizani lilisomwa katika ajenda. Mwenyekiti wa kijiji anaye simu; apigiwe yeye, kipindi kikiwa hewani, kabla magunia hayajaanza kushonwa.