Nani Atufasirie Maandishi ya Saikolojia? (Sehemu ya Pili)

Riwaya iliyofasiriwa vibaya humchosha msomaji. Hojaji ya saikolojia iliyofasiriwa vibaya hubadilisha hesabu, na hesabu hiyo ndiyo daktari anayoitazama anapoamua nani atibiwe na nani arudi nyumbani.

Chukua PHQ-9, hojaji ya sonona iliyochapishwa Marekani mwaka 2001. Ina maswali tisa, kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 3, jumla yake 27. Kwa kawaida anayefikisha 10 huchunguzwa zaidi. Swali la tisa linauliza kama mtu amefikiria kujidhuru, au kwamba afadhali afe. Katika nyumba zetu nyingi jambo hilo halitamkwi, na mfasiri mwenye haya atalipamba mpaka lipoteze makali. Yule aliye hatarini atajibu hapana, naye atakuwa amesema kweli, kwa kuwa hakuulizwa.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba shahada ya lugha pekee haitoshi. Hapa Section 58, mtaa wa Nakuru, mtu huzungumza Kikuyu, Kikalenjin, Kijaluo au Kiluhya nyumbani, Kiswahili dukani na Kiingereza ofisini, na uchungu wake ameuzoea katika lugha ya nyumbani. Mfasiri bora ni yule anayefasiri kuelekea lugha aliyolelewa nayo, tena aliyewahi kuketi na wagonjwa au kufanya kazi bega kwa bega na mshauri nasaha. Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro kinafundisha saikolojia. Ni mahali pazuri pa kuanzia kuulizia.

Hata mfasiri huyo asiachwe peke yake. Mwaka 1970 mwanasaikolojia Mmarekani Richard Brislin aliandika kuhusu utaratibu unaotumika mpaka leo: mtu wa kwanza anafasiri, wa pili anarudisha tafsiri hiyo katika lugha ya awali bila kuona matini asilia, kisha matini mbili zinalinganishwa. Penye tofauti, kazi inarudiwa. Baadaye wakazi wachache husomewa kila swali na kuombwa waeleze wamelielewaje. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa mara nyingi kwa kubana matumizi, nami naiona ya lazima kuliko zote.

Nakuru ina sababu ya kulijali jambo hili. Mapema mwaka 2008 waliofurushwa makwao na ghasia za baada ya uchaguzi walijaa kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo na Uwanja wa Afraha, na majeraha mengine ya wakati ule hayaonekani kwa macho.

Kabla ya kumlipa yeyote, uliza kwanza kama kazi imekwisha kufanywa. PHQ-9 ya Kiswahili ipo, na hojaji yenyewe imewahi kupimwa magharibi mwa Kenya, kwa wagonjwa 347 wanaoishi na virusi vya Ukimwi, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009. Kuitumia hakuhitaji kibali. Hojaji nyingine zina wenyewe, na kuzifasiri bila ruhusa ni kuvunja sheria ya hakimiliki. Juma lijalo tutaeleza jinsi ya kuomba ruhusa hiyo, na mkataba wa mfasiri uwe na nini.